Tazama Nyuma Yao

Utotoni mwangu, Samuye, mkoani Shinyanga, picha ilikuwa kitu cha kuning'inizwa ukutani: harusi, ubatizo, Mwalimu Nyerere. Picha ya nchi yenyewe hatukuwa nayo, na hakuna aliyeitaka, maana tuliamini nchi ile iliumbwa hivyohivyo: uwanda mtupu, mawe makubwa, mashamba ya pamba na miti ya kuhesabika. Mama zetu walipikia mabua ya pamba, na yakiisha, samadi kavu.

Imani hiyo ilianza kulegea Upanga, Dar es Salaam, katika chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa. Nilikwenda kutafuta habari za watemi wetu. Majalada ya Wajerumani yalinishinda. Mwandiko wao wa zamani una kona nyingi kuliko njia ya mbuzi. Nikahamia ya Waingereza, na humo, badala ya watemi, nikakutana na mbung'o, nzi anayeeneza malale kwa watu na mifugo. Serikali ya Tanganyika iliishughulikia Shinyanga kama uwanja wa vita dhidi ya mdudu huyo. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori tangu 1919, alifanyia kwetu majaribio yake. Katika miaka ya 1920 watemi walitakiwa kutoa watu, wakatoka kwa maelfu na mashoka yao kufyeka vichaka. Baadaye makao ya utafiti wa mbung'o yakawekwa Shinyanga. Kumbe uwanda wa utoto wangu ulikatwa kwa mikono ya babu zetu!

Hata vichaka vyenyewe havikuwa vya tangu mwanzo. Sotoka, tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, iliua ng'ombe karibu kote Afrika Mashariki. Malisho yakakosa mlaji, mashamba yakaachwa, pori likasogea na mbung'o nyuma yake. Niliyaelewa hayo kichwani tu, kwani majalada hayana macho.

Macho yalikuja baadaye, kwa njia ya simu. Mwishoni mwa 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani ilifungua mtandaoni makumi ya maelfu ya picha zake. Miongoni mwake zimo za Walther Dobbertin, mpigapicha aliyekuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilichohitaji nauli na barua ya ruhusa sasa kilihitaji bando. Hifadhi hiyo yenyewe inatahadharisha kwamba maelezo ya chini ya picha yameachwa yalivyoandikwa zamani, na huenda yana makosa au upendeleo. Ndivyo yalivyo: mara nyingi utasoma kabila, cheo au kazi, jina la mtu, mara chache sana.

Ukosefu huo wa majina uliniudhi kwa muda mrefu. Nilikuwa nazikuza sura, nikitafuta pua ya ukoo wetu kwa watu ambao pengine hawakuwahi kufika Usukuma. Mpaka nilipomwonyesha babu, mdogo wake babu yangu mzaa baba, picha ya wapagazi waliosimama mbele ya vichaka.

"Mjukuu wangu," alisema, "mbona unawakodolea hao tu? Tazama nyuma yao."

Nikatazama. Akanionyesha migunga kwa ncha ya fimbo, akasema mahali kama hapo ng'ombe halazwi. Yeye alizaliwa kazi ya kufyeka ikiwa bado inaendelea, na alipokuwa kijana alishika shoka. Hakuulizia picha ilipigwa wapi. Alieleza pori la namna ile linavyonuka mvua ikianza, na jinsi walivyochoma visiki.

Tangu hapo nasoma picha kwa mpangilio mwingine: kwanza nchi, kisha mifugo, mwisho watu. Na nchi imebadilika tena. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukarudisha hadhi ya ngitili, desturi yetu ya kufunga malisho kwa ajili ya kiangazi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili za mkoa zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Vijana wanaokwenda Geita kutafuta dhahabu huniambia, wakirudi, kwamba Shinyanga imekuwa na miti "siku zote." Wanakosea kama tulivyokosea sisi, kwa upande wa pili.

Ndiyo maana nawaomba waipige picha ngitili ya nyumbani na kuandika papo hapo: mahali, tarehe, mwenye ngitili, na jina la kila mti kwa Kisukuma kama mzee alivyolitaja. Kamera ya Dobbertin ilikuwa bora kuliko simu zetu nyingi. Kilichomponyoka yeye ni maswali, na kuuliza hakuhitaji bando.