Jina Kamili, Umri na Mahali Anapoishi

Mama hakupinga nisome uandishi wa habari. Alichofanya ni kunipigia simu kila basi langu linapokaribia Kibiti.

Hiyo ndiyo njia yetu. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kilwa unapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unapita Muhoro na Somanga, halafu unafika Nangurukuru. Mama anaijua njia hiyo kwa saa. "Mmefika Kibiti?" Namjibu tumefika. Baada ya muda anapiga tena. "Mmepita?" Namjibu tumepita. Hapo ndipo anauliza kama nimekula.

Hakuwahi kunieleza sababu, na mimi sikuwa na haja ya kuuliza. Nilikuwa kidato cha kwanza mwaka 2017, wakati watu wa upande wetu walipokuwa wakizungumza kwa sauti ya chini habari za mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi huko Kibiti na Rufiji. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi, aliyaripoti mauaji hayo. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka hapo Kibiti. Miaka mitano baadaye nikajaza fomu ya kuomba chuo, na katika nafasi ya kwanza nikaandika shahada ya uandishi wa habari.

Nyumbani kila mtu alikuwa na neno lake. Mjomba, ambaye ni mvuvi, alitaka kujua kama nitasoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ili awahi kuwatangazia wenzake. Jirani mmoja alisema kazi hiyo haihitaji miaka mitatu ya chuo, mtu ukiwa na ulimi inatosha. Huyo nilimjibu. Nikamweleza kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilileta masharti ya ithibati kwa waandishi, na kanuni zake za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Akacheka sana. "Basi siku hizi hata umbea una cheti."

Chuoni, muhula wa kwanza, tulifundishwa maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Tulifundishwa kuanza na lililo zito kuliko yote, ili mhariri akikata aya za mwisho habari ibaki imesimama. Kwangu hilo lilikuwa jambo geni. Kwetu habari huanza na salamu, ikafuata afya ya watoto, ikafuata bei ya samaki, na jambo lenyewe lililomleta mgeni hutoka akishasimama kuaga.

Lakini somo nililolishika kuliko mengine lilikuwa la chanzo cha habari. Mhadhiri wetu alikuwa akiturudishia kazi zikiwa na duara jekundu kila palipoandikwa "mkazi mmoja" au "mwananchi aliyeomba jina lake lihifadhiwe". Pembeni anaandika neno moja tu: Nani? Kwake yeye, habari isiyo na jina la mtu ni uvumi uliopigwa chapa. Alikuwa na haki. Huyo "mkazi mmoja" ni rahisi kumtunga ukiwa umekaa kitandani hosteli. Basi tukakariri kama dua: jina kamili, umri, mahali anapoishi.

Baada ya mwaka wa pili nikaenda fildi kwenye redio moja ya kusini. Asubuhi moja nilikwenda kwenye diko, sitasema lipi, nikakaa na akina mama wanaokaanga samaki. Walikuwa na malalamiko ya ushuru: wanatozwa mara mbili, risiti wanapewa moja. Mmoja wao, anayefahamiana na mama yangu tangu sijazaliwa, ndiye aliyelieleza jambo hilo vizuri kuliko wote. Alikuwa akigeuza samaki huku akinihesabia siku na fedha. Alipomaliza akasema, "Andika, mwanangu."

Nikaandika. Jina kamili. Mtaa. Nilipomuuliza umri akacheka. "Andika arobaini na tisa. Huu ni mwaka wa tatu niko hapo hapo."

Habari ile ilitoka mchana, ikarudiwa jioni. Nilikuwa nimeifanya kama nilivyofundishwa. Nilimpigia simu mhusika wa ushuru, naye akasema suala hilo linafuatiliwa, nikaliweka jibu lake. Jina la yule mama lilisikika mara mbili, na mwenyewe nikalirekodi kwenye simu nikawatumia wenzangu wa darasani.

Baada ya wiki moja alikuta mahali pake pana mtu mwingine. Alikuwa akikaangia mdomoni mwa njia, pale ambapo kila anayetoka mnadani lazima apite. Aliambiwa ahamie nyuma, karibu na vyoo, kwamba kuna utaratibu mpya. Hakuna aliyemtajia redio, na hapakuwa na haja ya kumtajia.

Nilikwenda kumpa pole. Hakunigombeza. Alifuta benchi kwa kanga yake, akasema, "Karibu, mwandishi."

Siku zote aliniita mwanangu.

Nimelifikiria neno lile "andika" mara nyingi. Yeye alikusudia niliandike jambo. Mimi nilisikia nimwandike yeye. Na si kwamba chuoni hatukufundishwa kulinda chanzo. Tulifundishwa, tukafanyia mtihani, na nilipata A. Ila kichwani mwangu chanzo cha kulindwa kilikuwa ofisa anayevujisha nyaraka usiku, si mama mwenye kikaango mbele ya macho ya watu wote.

Mwaka wa tatu, nikitafuta mada ya utafiti, nilikutana na mradi wa Maji Maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa shahada ya kwanza, watu wa umri wangu, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliovikumbuka vita vya 1905, vita vilivyoanzia kwetu, Nandete, Umatumbini. Wazee walihojiwa wakajulikana kwa majina na vijiji vyao. Mhadhiri wangu asingepata pa kuchora duara. Nilisoma kwa wivu, kwa sababu kutajwa kule kulikuwa heshima: mzee fulani, wa kijiji fulani, alisema hivi.

Halafu nikaona tofauti. Wazee wale walikuwa wakimsema Mjerumani, na Mjerumani alikuwa ameshaondoka yapata miaka hamsini. Mama wa samaki alimsema mtu ambaye angekutana naye kesho yake alfajiri. Mwanahistoria hufika moto ukiwa umezimika, sisi tunafika unawaka, na mara nyingi tunaoondoka na basi la jioni ni sisi.

Sisemi majina yafichwe. Jina la Azory Gwanda tunalitaja kwa sababu kunyamaza kungekuwa kumpoteza mara ya pili. Ila sasa, kabla ya jina kamili na umri, namuuliza mtu: nikishaondoka hapa, nani atakukasirikia, naye ana uwezo gani juu yako? Wengine hujibu bila wasiwasi, na hao nawataja. Wengine hukaa kimya, na kimya hicho nimejifunza kukisikiliza.

Nilipomaliza mitihani ya mwisho nilirudi nyumbani. Mama alipiga simu Kibiti kama kawaida, nikamjibu tumefika, kisha tumepita. Kesho yake nilikwenda dikoni, nikapita mpaka nyuma, karibu na vyoo. Nilimweleza yule mama kwamba nataka kuandika habari hii, yake na yangu, na safari hii nikamuuliza kama nitaje jina lake.

Alifikiri kwa muda mrefu. Akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Liache kwanza," alisema.

Nimeliacha.