Mgonjwa Asiyeumwa



Fiqhi yatufundisha kwamba ajitiaye utabibu bila ya kuujua huwa na dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Basi mwanafunzi wa udaktari ajifunzie kwa nani, ilhali kila mwili una heshima yake?

Swali hilo liliingia nyumbani kwangu mwaka 2020, korona ilipofunga vyuo na wanafunzi wakazuiwa kuingia wodini. Binti yangu, aliyekuwa akisomea udaktari, alinieleza kuwa mwalimu wao ataendesha mazoezi ya tiba ya moja kwa moja kwa intaneti, naye ahitaji mtu mzima wa kuigiza mgonjwa.

"Baba, wewe wafaa," akaniambia.

Nilisita. Kusema naumwa nami ni mzima, si uongo huo? Nilipotafakari niliona kuwa uongo ni kumhadaa mtu, na hapa hapana anayehadaiwa; kila mmoja ajua kuwa ni mazoezi. Nikakubali.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1963, daktari Howard Barrows wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alianza kuwafunza watu wenye afya waigize maradhi ili wanafunzi wapimwe kwao. Lililozidi kwetu ni kioo cha kompyuta.

Nilipewa maelezo: nina maumivu ya kifua tangu alfajiri, na yanashuka mkono wa kushoto. Hilo la mkono nisilitaje mpaka niulizwe. Kijana mmoja alinipa shikamoo, akanihoji, akahukumu kuwa ni kiungulia. Mwalimu akawa anabadilisha tarakimu kiooni: presha ikishuka, mapigo ya moyo yakienda mbio. Kijana hakuagiza kipimo cha moyo. Punde tukaambiwa kuwa mgonjwa amefariki.

Mwalimu hakumkemea. Alimuuliza aliona nini, alifikiri nini, na kipi hakukiuliza. Kisha wakaanza upya, na safari hii mkono wangu ukaulizwa mapema.

Hapo niliukumbuka msahafu. Mwanafunzi husoma mbele ya mwalimu wake, akikosea husimamishwa, akarudia mpaka ulimi ukanyoka. Tofauti ni kwamba kosa la daktari wodini huenda lisirudiwe. Kijana yule alikosea, nami nikainuka kitini nikaenda kuswali adhuhuri.

Hata hivyo, kwa kioo mkono haubonyezi tumbo wala sikio halisikii mapafu. Siku itafika vijana hawa wasimame kitandani pa mgonjwa wa kweli, chini ya jicho la mwalimu. Tukiombwa kuigiza, tuitikie. Na tukilazwa, mwanafunzi akatuomba idhini ya kutupima, tunayo haki ya kukataa. Lakini tukumbuke kuwa daktari atakayewatibu wajukuu zetu ni huyo anayeomba leo.

Wabillahi tawfiq.