Mama Redio, unakonda juu ya nini?

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya ndagala. Leo nasema habari yangu mwenyewe. Nimekawia kuiandika kwa sababu ya haya, na nitawaambia hiyo haya ilitoka wapi.

Siku moja nilienda kwenye kituo cha afya kutafuta habari ya chanjo ya watoto. Mkubwa wa kituo alikuwa hajafika. Muuguzi akaniambia, "Mama Redio, kaa hapa tukupime tansio wakati tunamungojea." Nikakaa nikicheka. Akapima mara ya kwanza, akanyamaza. Akapima mkono wa pili. 162 kwa 104. Akanipandisha kwenye mizani: kilo 97. Urefu wangu ni mita 1 na sentimita 61. Usiku nikapiga hesabu kwenye simu, ile ya kugawanya kilo kwa urefu mara urefu, nikapata 37. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema ukifika 30 huo si unene wa kawaida tena, ni ugonjwa. Na tansio wanaanza kuiogopa kwenye 140 kwa 90.

Nisingeshtuka sana kama si baba yangu. Baba alianguka asubuhi moja akiwa anafunga kiatu. Upande wa kuume ukafa, ulimi ukafa pamoja nao. Aliishi miaka 2 akituangalia tu, akitaka kusema jambo na jambo halitoki. Sasa mimi nakula kwa ulimi huu. Ukifa, watoto wangu watakula nini?

Docta alinipa vidonge vya kumeza kila siku, akaniambia na kilo zipungue. Vidonge ni rahisi, unameza na maji. Lakini kilo zinataka moyo, na moyo huo sikujua nitautoa wapi.

Nilitafuta kwanza kwenye simu. Kuna wanawake wengi huko wa Kinshasa na wa Marekani, wanarukaruka mbele ya vioo, wanakunywa maji ya majani na matunda ambayo soko la Mulongwe halijayaona. Niliwaangalia siku 4 nikiwa nimelala kitandani na mandazi mkononi. Halafu nikafikiria majirani zetu wa Bujumbura, wanaokimbia makundi makundi siku za wikendi wakiimba. Hawa wanapenda kukimbia kweli, mpaka mwaka 2014 serikali yao iliwakataza kukimbia kwa makundi ovyo barabarani, ikisema wapinzani wanajificha ndani ya michezo! Lakini mwanamke wa kilo 97 kukimbia peke yake barabara ya Kavimvira, katikati ya malori yanayoelekea mpakani, watu wangedhani kuna vita, nao wangeanza kukimbia. Msicheke, kwetu mambo ya namna hiyo yamekwisha kutokea.

Na kuna lile lingine mnalolijua wote. Kwetu mwili ni sifa. Mwanamke akinenepa, watu wanasema mume anamtunza. Akikonda, maneno yanaanza. Nilipomwambia mume wangu nataka kupunguza kilo, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Watu watasema ninakunyima chakula." Hakuwa na ubaya. Alikuwa anasema kweli tupu.

Sasa nije kwenye ile haya. Kazi yangu ni kuwafuata watu waliopoteza nyumba. Mwaka 2020 mwezi wa 4, maji ya mto Mulongwe yalipobeba nyumba na watu, nilikuwa nayo mashine ya kurekodia. Mwaka 2024, ziwa lilipopanda likaingia katika nyumba za kandokando, nilikuwa nayo tena. Unasimama mbele ya mama anayekula mara moja kwa siku, unamuuliza amekula nini jana, na tumbo lako liko katikati yenu kama mtu wa tatu. Ningemwambia nani pale kwamba shida yangu ni kula kupita kiasi?

Nilimwambia mmoja. Ni mama mtu mzima, ziwa lilichukua nyumba yake, anakaa na wajukuu katika chumba kimoja cha kupewa. Kila asubuhi anatembea mpaka mashamba ya watu huko upande wa Ruzizi kulima kibarua, jioni anarudi kwa mguu. Ni mwepesi kama msichana. Nilipozima mashine nikamwambia, kwa moyo mweupe kabisa, "Mama, wewe unanipa nguvu. Mimi nataka kuwa kama wewe, nitembee, nipungue."

Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Binti yangu, mimi kukonda sikukutafuta. Usinifanye dawa yako. Ukitaka kutembea, tembea, miguu ni yako. Lakini usiseme unatembea kama mimi."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaomba samahani. Yeye akawa amekwisha kupita kwenye neno lingine: "Na kama uko na hiyo miguu, kesho upite huku nyuma. Bomba letu halitoi maji. Wewe unapitaka na pikipiki, huoni kitu."

Kesho yake nikapita kwa mguu. Ni kweli, bomba lilikuwa kavu, na watoto walikuwa wanashuka na vidumu kuchota ziwani, hapa Uvira ambapo kipindupindu hakijatuacha kabisa hata mwaka mmoja. Habari ile ilikuwa mita chache kutoka barabara ninayoipita kila siku nikiwa nyuma ya dereva, nameza vumbi na kuangalia mgongo wake. Niliisoma hewani siku ile ile.

Ndipo nilipoanza. Sikuanza kwa ajili ya kioo, na yule mama sikumfanya mfano tena. Nilianza kwa ajili ya kazi. Asubuhi naenda kwa mguu, pikipiki nabaki nayo kwa kurudi, kwa sababu giza likishaingia mnajua wenyewe. OMS inasema dakika 150 za kutembea kwa nguvu kidogo kila juma zinatosha kuanza. Mimi nilizipita bila kuhesabu, kwa sababu kila mtaa ulikuwa na mtu wa kunisimamisha. Daraja la mbao linaoza. Shule haina milango. Baada ya mwezi mmoja watu wakawa wananingojea. Muuza mikate akiniona ananiambia, "Mama Redio, leo umechelewa." Ukijua kuna mtu atakuuliza hivyo, kulala kunakuwa kugumu.

Chakula kilinishinda zaidi ya miguu. Bugali sikuacha, mtu wa Uvira akiacha bugali atakula nini? Nilipunguza tonge. Mawese kwenye sombe nikapunguza, makayabo nikaacha kwa sababu ya chumvi, na vile vipande vya kutia ladha kwenye mchuzi, ambavyo ni chumvi nyingine iliyovaa karatasi. Fanta niliaga kwa uchungu. Ndagala na lengalenga ndivyo vilivyoniokoa. Lakini kwetu sasa tunakula watu 11, tangu ndugu wa mume wangu wafike na mabegi yao. Jioni moja niliacha nusu ya sahani. Mtoto wao mdogo akaniangalia: "Mama mukubwa, unaacha chakula?" Nilimsogezea, akala, lakini mimi usingizi haukuja. Tangu siku ile najipakulia kidogo toka kwenye sufuria. Sahani yangu inarudi tupu kama za wengine.

Maneno nayo yalikuja, kama mume wangu alivyosema. Mwezi wa 4 mamamkwe alifika kuuliza kama nyumba ina amani. Mwanamke mmoja sokoni alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba siku hizi dawa za ule ugonjwa zinatolewa bure, nisione haya. Nilimshukuru. Mume wangu ndiye aliyeumia zaidi, na siku moja kwa hasira akanifuata kituo cha afya ili docta amwambie mwenyewe kama kweli naumwa nini. Muuguzi ni yule yule. Akampima na yeye. 170 kwa 100! Mtu mwembamba kama mpapai. Miaka yote tulidhani tansio ni ya wanene. Siku hizi anameza vidonge vyake, na Jumapili tunaenda misa kwa mguu, yeye mbele, mimi nyuma, tunagombana juu ya mwendo.

Baada ya miezi 9 niko na kilo 86, tansio 136 kwa 86, na vidonge bado. Wakati wa mvua kubwa nilirudisha kilo 3, sitawadanganya. Sketi zangu zote zimepelekwa kwa fundi.

Juma lililopita nilimkuta yule mama amekaa kivulini. Amepata kiwanja kidogo cha kulima mwenyewe, amevuna maharagi. Aliniita kwa mkono. "Binti yangu, angalia," akasema, akajikamata mkono wa juu kwa vidole. "Naanza kunenepa." Mimi nikamwonyesha wangu. Akaupapasa kama mtu anayenunua kuku, akatikisa kichwa, akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akaniambia bomba limekauka tena tangu Jumanne. Hiyo nitaisoma kesho asubuhi.