Jicho la Mtoto Hulindwa Jikoni

Mwalimu akikosea darasani, mkaguzi humsahihisha. Akikosea nyumbani kwake, nani atamsahihisha? Mimi nilisahihishwa na mama yangu mzee, na aibu yake ningali nayo.

Mwanangu wa pili alikuwa na umri wa miaka 7. Mchana alicheza mpira na wenzake pasipo shida. Lakini jua lilipotua alibadilika: ukimtuma ndoo uani, alijikwaa, ukimwambia akafungie kuku, alilia. Nilimwita mvivu na mwoga. Jioni moja aliipiga teke sufuria ya maharagwe iliyokuwa mbele yake, chakula chetu chote kikamwagika. Nikamchapa. Alisema tu, “Baba, sikuiona.” Sikumsadiki.

Juma lililofuata mama yangu alifika Bukavu kutoka Fizi. Jioni mbili alimtazama mjukuu wake bila kusema neno. Jioni ya tatu akaniuliza, “Mwanangu, siku hizi mnakula nini humu?” Nikamjibu kwa majivuno: mkate, mchele, ugali, nyama siku ya mshahara, na mafuta meupe ya chupa. Sombe, lengalenga na mawese tulikuwa tumeviacha. Niliviona vyakula vya kijijini, visivyomfaa mwalimu. Mama akasema, “Mtoto huyu haoni gizani. Umempiga bure.”

Kesho yake tulikwenda hospitali, na mganga alithibitisha maneno hayo. Alinieleza kwamba nyuma ya jicho mna utando upokeao mwanga, nao hauwezi kazi yake katika mwanga hafifu bila vitamini A. Mwanangu alikuwa amepungukiwa nayo. Tena miezi michache nyuma aliugua surua, ugonjwa umalizao akiba ya vitamini hiyo mwilini. Kutoona jioni ni onyo la kwanza. Likipuuzwa, jicho hukauka, kioo chake hulainika na hata kupasuka. Hapo hakuna mganga awezaye kulirudisha. Mtoto alipewa dawa, na baada ya siku chache alianza kuona jioni kama wenzake.

Basi, akina mama na akina baba, tuangalie vyungu vyetu. Lengalenga, sombe, papai, embe na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa humpa mtoto vitamini hiyo. Vivyo hivyo maini na mayai. Majani hayo yatiwe mafuta kidogo, kwa kuwa pasipo mafuta mwili hupokea sehemu ndogo tu. Mawese yana utajiri mkubwa, nao umo katika wekundu wake: ukiyachoma mpaka yageuke meupe, umeuharibu. Yatie chakula kikikaribia kuiva. Lakini sombe isiharakishwe. Itwangwe na kuchemshwa sana, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wapelekwe kupokea matone ya vitamini A kila miezi 6. Mwenye surua apelekwe hospitali upesi, wala asitiwe maji ya majani machoni.

Nasi walimu tusihukumu kabla ya kupima. Siku hizi, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, huchora herufi E zilizogeuzwa pande 4, huwasimamisha wanafunzi umbali wa mita 6, nao hufunika jicho moja, kisha la pili. Asiyeona vema huketi mbele, na wazazi wake huitwa ili wampeleke kwa mganga wa macho. Kati ya wale niliowaita wajinga, wengine walikosa miwani tu.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee. Mimi niliacha chungu cha mama yangu kwa ajili ya sifa, na mwanangu akalipa. Nilimwomba msamaha mbele ya nyanya yake. Hakujibu kitu. Lakini jioni ile, giza likiingia, alitoka peke yake akawafungia kuku, nami nikasimama mlangoni nikimtazama.