Wanaolala mbele za watu: Matembezi katika bustani ya London

Mtoto akichoka kutembea katikati ya jiji la London, Kensington Gardens ni mahali pazuri pa kumpumzisha. Bustani hii ya kifalme ina miti mikubwa, bata na nyasi nyingi. Siku ya jua watu wazima hujilaza humo, viatu wamevua na mkono wameufunika usoni, na hakuna anayewashangaa.

Kinachojulikana na wachache ni kwamba bustani hiyo ina habari zake za usingizi. Familia inaweza kuzifuata kwa miguu, taratibu, mtoto akiwa kwenye kigari.

Ya kwanza iko kando ya maji yanayoitwa Long Water, kwenye sanamu ya Peter Pan, yule mvulana wa hadithi anayekataa kukua. Ndiye anayeingia usiku kupitia dirishani na kuwaondoa watoto vitandani. Mwandishi wake, J. M. Barrie, alitaka sanamu isimamishwe usiku watoto wakiwa wamelala. Waliofika bustanini Mei Mosi, 1912 waliikuta tayari, kana kwamba imeota.

Ng'ambo ya maji limesimama tao la mawe lenye urefu wa mita 6 hivi. Ni kazi ya mchongaji Henry Moore, aliyeitoa zawadi mwaka 1980. Watoto hupenda kulitazama kwa mbali, lakini mzazi anaweza kuwasimulia kazi nyingine ya mzee huyo, ya miaka 40 nyuma.

Mwaka 1940 ndege za Ujerumani zilikuwa zikiangusha mabomu London usiku kwa usiku. Familia zilikimbilia stesheni za treni za chini ya ardhi. Mwanzoni serikali haikutaka stesheni hizo ziwe mahali pa kulala, lakini watu walikata tiketi, wakashuka na mablanketi yao na hawakupanda tena hadi asubuhi. Mwishowe serikali ilikubali.

Moore aliwaona wamelala kwa safu ndefu, midomo wazi, wageni kwa wageni bega kwa bega. Aliwachora, na michoro hiyo ikawa miongoni mwa kazi zake zinazojulikana zaidi. Lakini hakukaa mbele yao na karatasi. Aliona ni kukosa adabu kuwachora watu wanaowavua watoto wao nguo ili walale. Alitazama, akaandika maneno machache, kisha akachora baadaye.

Upande wa kusini wa bustani kuna jumba la sanaa la Serpentine. Septemba 1995, mwigizaji Tilda Swinton alilala humo ndani ya sanduku la kioo, saa 8 kwa siku, kwa siku 7. Kazi hiyo, iliyoitwa The Maybe, aliifanya na msanii Cornelia Parker. Hakucheza, hakusema neno. Watu walipanga foleni ili kumwona akipumua. Miongoni mwa vitu vilivyowekwa kumzunguka vilikuwamo mto na blanketi kutoka kwenye kochi la daktari Sigmund Freud. Mwaka 2013 aliirudia New York, bila kutangaza siku wala saa.

Wacheza dansi nao wamelichukua jambo hili hadi barabarani. Tangu 2007, Willi Dorner wa Austria amekuwa akiwapeleka wachezaji wenye nguo za rangi kali katika miji mbalimbali. Hujibana milangoni, hujikunja kando ya mabenchi, hulaliana kama magunia, na hukaa hivyo bila kutikisika. Watazamaji huwafuata kutoka kona hadi kona, na wapita njia husimama na kutoa simu.

Lakini kilomita chache tu kutoka kwenye bustani hiyo, eneo la Camden, mwaka 2012 halmashauri iliweka mabenchi ya zege yenye migongo na miinamo. Kukaa unaweza, kulala huwezi, na ndivyo yalivyokusudiwa. Hata kisheria, kulala nje huko Uingereza kulifanywa kosa tangu 1824. Bunge lilipitisha kuifuta sheria hiyo mwaka 2022 tu, na utekelezaji wake ukachelewa.

Mwili ni uleule na usingizi ni uleule. Ukiwa ndani ya kioo, watu hupanga foleni. Ukiwa kwenye benchi, huambiwa uondoke. Watoto huiona tofauti hiyo mapema kuliko wazazi wanavyodhani. Ndiyo maana mtoto hunyoosha kidole stendi na kuuliza kwa sauti, "Mama, mbona yule amelala chini?"

Jibu la mzazi hapo ni somo. Akimvuta mkono na kusema "usimwangalie", mtoto hujifunza kuogopa. Akisema "amechoka, tupunguze sauti", hujifunza kwamba aliyelala hawezi kujitetea, hivyo wanaomzunguka ndio wenye kumlinda.

Somo hilo humrudia mzazi mwenyewe. Mtoto hulala popote: kwenye daladala, msibani, juu ya benchi la hospitali huku akisubiri zamu. Midomo wazi, mate yanamtoka, na simu iko mkononi mwa baba. Picha inachekesha, na kuiweka mtandaoni ni suala la sekunde.

Moore alikuwa mchoraji, na kutazama ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hata hivyo, mbele ya watu waliolala aliirudisha kalamu mfukoni.