Madam, Tuandike Nini?

Wakati ule ukisema unakwenda fildi Makumbusho, wenzako wa chuo kikuu, Mlimani, walikupa pole. Wa ualimu walipangiwa sekondari, wa sheria walikwenda mahakamani, na sisi wa sanaa tulijitafutia wenyewe: magazetini, kwenye kampuni za matangazo, wengine kwa shangazi mwenye duka. Mimi nilipata barua ya kukubaliwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, kitengo cha elimu. Ilikuwa katikati ya miaka ya 2000, kabla Nyumba ya Utamaduni haijajengwa pale. Mjomba wangu wa Temeke aliposikia akauliza kama chuo kikuu kimenisomesha miaka yote ile ili nikafute vumbi mifupa.

Mifupa ilikuwapo, na ndiyo iliyovuta watu. Wanafunzi walishuka kwenye basi wakiulizia mambo mawili: fuvu la Zinjanthropus, lile lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na magari ya Mwalimu Nyerere. Wavulana wangeweza kuizunguka Rolls-Royce mpaka jioni. Sanaa haikuulizwa na mtu. Vinyago, vigoda na picha za kuchora vilipitwa njiani, kama vyombo vya nyumba ya jirani ambavyo si adabu kuvikodolea macho.

Asiyewahi kuiona ziara ya kimasomo ya shule ya Kitanzania hawezi kuielewa kazi ile. Basi limeondoka Chalinze au Mkuranga alfajiri, watoto wamebanana watatu watatu kwenye viti vya wawili. Ratiba ya mwalimu ina Makumbusho, bandari, uwanja wa ndege, kisha pantoni ya Kigamboni au mchanga wa Coco Beach, na wote wawe nyumbani kabla giza halijawa nene. Makumbusho ilipewa dakika 40, na katika dakika hizo mwanafunzi alitakiwa aandike. Aandike nini, hakuambiwa. Kwa hiyo alinakili kila herufi iliyokuwa mbele yake. Niliwaona watoto wamegandisha paji la uso kwenye kioo wakinakili maelezo ya Kiingereza wasiyoyaelewa, na wengine wakaandika hata namba ya usajili wa kitu. Kitu chenyewe hawakukitazama. Aliyechelewa alinakili kwenye daftari la mwenzake, na hilo lilimtosha, maana mwalimu angesahihisha daftari.

Kazi ya mwongozaji nayo ilikuwa kusema. Unasimama mbele ya kundi, unaanza kulia unamalizia kushoto: hiki kinaitwa hivi, kilitoka mkoa huu, kilitumika kwa kazi hii, tusogee. Wiki ya kwanza nilipewa karatasi za maelezo nizikariri, nikazikariri. Sauti ilikauka kabla ya saa sita mchana. Swali nililoulizwa kuliko yote, na watoto wa kila shule, lilikuwa moja: "Madam, tuandike nini?"

Aliyenionyesha njia nyingine alikuwa mzee mmoja wa kitengo kile, mtu aliyekaribia kustaafu na mwenye maneno machache. Siku moja lilikuja darasa la tano la shule ya msingi ya hapa mjini, na kwa bahati hawakuwa na haraka. Mzee akawaambia watie kalamu mifukoni, wakalie daftari zao kwa sababu sakafu ni baridi. Wakacheka, wakakaa. Mbele yao palikuwa na kinyago cha mpingo cha Kimakonde, ule mnara wa watu waliobebana, mmoja juu ya bega la mwenzake mpaka kileleni. Mzee hakusema kinaitwaje wala kimetoka wapi. Alikaa kwenye kigoda chake akanyamaza, na kimya kile kiliniumiza mimi kuliko watoto. Kisha akauliza: hapa kuna nini kinachoendelea?

Msichana wa mbele akasema ni watu wanapanda mti. Mzee akamwuliza ameona nini kilichomfanya aseme hivyo. Akasimama, akaonyesha kwa kidole mguu uliokanyaga bega. Mvulana akapinga: hawapandi, wanabebwa, tazama mikono ya wa chini. Mwingine akasema wa chini kabisa anaonewa, kichwa chake kimeinama. Hapo darasa likagawanyika. Wapo waliosema ni babu, ndiyo maana yuko chini, wote wametoka kwake. Wapo waliosema ni mtumishi. Mtoto mmoja aliyekuwa kimya muda wote akazunguka nyuma ya kinyago na kurudi na habari kwamba kule kuna mama ana mtoto mgongoni, na hakuna aliyemhesabu. Darasa zima likahamia nyuma.

Baada ya mabishano hayo ndipo mzee akawaambia. Wachongaji wa Kimakonde walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wengi wao wakifuata kazi za mashamba ya mkonge, na uchongaji wao ukaja nao. Mtindo huu wa watu waliobebana, unaohusishwa zaidi na Yakobo Sangwani, kwanza ulijulikana kama dimongo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ukapata jina la ujamaa na kuenea duniani kwa jina hilo. Mti ni mpingo, na mnara kama ule huchongwa kutoka kipande kimoja bila kuunga. Watoto walisikiliza kwa sababu walikuwa na kesi ya kuamua. Yule wa "anaonewa" alitaka kujua Mwalimu Nyerere mwenyewe alipokiona kinyago cha namna hiyo alijiona yuko wapi, juu au chini. Mpaka leo sijapata swali zuri kuliko hilo kutoka kwa mtu mzima yeyote.

Sijui mzee aliyatoa wapi maswali yake. Nadhani kwenye maisha tu. Baadaye, nikisoma maktaba, niligundua kwamba New York walikuwa wameyafikia karibu yale yale. Philip Yenawine, aliyeongoza elimu katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya jiji hilo kuanzia 1983 hadi 1993, pamoja na mwanasaikolojia Abigail Housen, walitengeneza mbinu yenye maswali matatu: nini kinaendelea kwenye picha hii, umeona nini kilichokufanya useme hivyo, na ni kipi zaidi tunaweza kukiona. Walifika huko baada ya kubaini kwamba watu waliyafurahia maelezo ya waongozaji lakini hawakuondoka na mengi. Nilipomwonyesha mzee ukurasa ule alisoma polepole, akanirudishia kitabu, akasema, "Wamechelewa."

Hapa kwetu Afrika Mashariki mambo haya yana mizizi yake pia. Margaret Trowell aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda katika miaka ya 1940, kwa hiyo tangu hapo darasa la kuchora na kabati la makumbusho viliwahi kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Sam Ntiro, mchoraji wa Kilimanjaro ambaye baadaye alikuwa balozi wetu wa kwanza London, alipita kwake. Lakini mapokeo hayo yalibaki vyuoni. Mtoto wa darasa la tano Mkuranga hayakumfikia.

Jambo la pili nililojifunza fildi ni la kinyume kidogo: kwamba kuna wakati wa kunyamaza kabisa. Kwenye vitu vya Wazaramo, wenyeji wa mji huu, palikuwa na mwana hiti, kile kijisanamu chepesi chenye kiwiliwili cha duara na kichwa chenye kishungi. Kadi ya maelezo ilitoa vipimo vyake na kusema kinatumika kwenye unyago. Kundi moja la sekondari lilipofika hapo, wavulana wakaanza kunichokonoa: kinatumika vipi, madam, tueleze. Mama mmoja mtu mzima wa Kisarawe, aliyefika siku hiyo na mjukuu wake, alikuwa nyuma yetu. Akaja taratibu mpaka mbele, akawasalimu watoto, wakaitikia shikamoo kwa pamoja, akasema, "Wanangu, hicho kinawahusu wali na makungwi wao. Tazameni kilivyochongwa, inatosha." Hakuna mvulana aliyecheka. Kisha akawaonyesha mkono ulivyopita, wapi umekwangua, wapi pamelainika kwa kushikwa na wengi. Alifundisha uchongaji kwa dakika chache kuliko nilivyowahi kusikia mtu akifundisha, na siri za watu zikabaki mahali pake.

Tangu siku hiyo nilizisoma kadi zile kwa jicho jingine. Makumbusho yale yaliasisiwa mwaka 1934 chini ya gavana Harold MacMichael, yakafunguliwa 1940 yakiwa na jina la Mfalme George wa Tano. Maelezo ya makumbusho ya aina hiyo yaliandikwa kwa ajili ya mgeni, na mwenye kitu hakutarajiwa kuja kuyasoma. Sasa mwenye kitu anakuja, tena na mjukuu. Kitengo cha elimu, kwa maoni yangu, kipo hasa kwa sababu hiyo, na kufurahisha watoto ni nyongeza tu.

Nilipomaliza chuo nikarudi kwenye kazi hiyo hiyo, mara kwa mkataba, mara kwa kujitolea, mara kwa kuitwa na shule. Mengi yamegeuka. Nyumba ya Utamaduni ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, na sasa kuna kumbi kubwa za maonyesho na jukwaa la michezo ya kuigiza, kwa hiyo mtoto anaweza kuja kuona kazi za wachoraji walio hai na kuwakuta wenyewe wamesimama kando ya kazi zao. Kule Mikocheni ilianzishwa Nafasi Art Space mwaka 2008. Nami nilipata ujasiri wa kuwapeleka watoto nje ya kuta kabisa, hasa Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa wachoraji wa Tingatinga.

Pale somo linajifundisha lenyewe. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora huku mjini mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Wanafunzi wake wakaendelea, na wa baada yao wakaendelea. Mtoto anaona kopo la rangi, anainusa, anaona jinsi mandhari inavyopakwa kwanza, inaachwa ikauke, ndipo chui anawekwa juu na madoa yake yanafuata. Hapo watoto huuliza maswali ya kazi: kopo bei gani, chui mmoja anachukua siku ngapi, mzungu akipunguza bei unafanyaje. Wachoraji huwajibu bila kuzunguka. Wapo walimu wanaosema huko ni dukani, siyo elimu. Mimi nasema mtoto aliyejua kwamba picha ina gharama na ina mtu nyuma yake hawezi tena kuipita kama ukuta.

Daftari limepungua, simu imeingia. Sekondari za kulipia huja na walimu wanaopiga picha kila kitu, na vyuoni wanafunzi hupiga picha ile kadi ya maelezo kabla ya kitu chenyewe. Ni kunakili kule kule, ila sasa hakuchoshi mkono. Sizikatazi simu. Huwaambia wapige picha moja tu ya sehemu moja ndogo ya kitu, kidole, kishungi, kovu la patasi, kisha wenzao watafute ilipo. Zoezi hilo huwachukua muda mrefu, na wanatazama kweli.

Lakini maswali yale matatu hayatoshi kila mahali. Uani mwa Makumbusho kuna kumbukumbu ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 kwenye ubalozi wa Marekani. Nilipokuwa fildi, niliwahi kukaa hapo na wanafunzi wa kidato cha pili wa Kinondoni. Msichana mmoja alisimulia jinsi madirisha ya darasa lao yalivyotetemeka, na mama yake alivyokuja shuleni mbio na kandambili moja. Hakuna aliyehitaji maelezo yangu. Wanafunzi ninaowaleta leo hawakuwa wamezaliwa, wengine hata wazazi wao walikuwa watoto. Huniuliza bomu gani. Hapo hukaa chini nikaeleza moja kwa moja: siku gani, mahali gani, nini kilitokea Dar na nini Nairobi asubuhi ile ile. Mwelimishaji asiyejua lini aeleze na lini aulize atawachosha watoto kwa njia zote mbili.

Sasa mtaala mpya wa msingi wa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo. Ni habari njema, ingawa jina likiwa na viungo viwili najua mpira utakavyomeza kiungo cha kwanza kwenye shule zenye uwanja na zisizo na rangi.

Kwa hiyo, mwalimu unayepanga ziara ya muhula ujao, nakuomba. Futa bandari kwenye ratiba, au uwanja wa ndege, au vyote. Piga simu Makumbusho mapema, waambie unataka ukumbi mmoja tu kwa saa nzima. Daftari ziachwe kwenye basi. Mpe kila mtoto penseli na karatasi isiyo na mistari, na wewe mwenyewe chukua yako, ukae nao sakafuni.