Ufalme Haumo Daftarini

Katekista wa kigango chetu, huko Bukoba nilikokulia, hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza ufalme wa mbinguni uko wapi, alinyoosha kidole kwenye mlango wa kanisa. Aliyemo yumo, aliye nje yuko nje. Walutheri wa bondeni tuliambiwa tuwaombee, nasi tuliwaombea kwa huruma ya mtu anayemwona mwenzake akizama.

Fundisho hilo hakulitunga yeye. Agostino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika katika kitabu cha 20 cha Mji wa Mungu kwamba Kanisa hata sasa ni ufalme wa Kristo. Lakini papo hapo akatenganisha ufalme wa sasa, wenye ngano na magugu pamoja, na ufalme ule ambao magugu hayatakuwamo. Walimu wengi waliomfuata walishika nusu ya kwanza. Nusu ya pili haikufika kigangoni kwetu.

Kisha ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kardinali Laurean Rugambwa, askofu wetu, alikuwa miongoni mwa walioketi Roma kuanzia 1962. Sisi tulichokiona ni padre kutugeukia na misa kuacha Kilatini. Hilo lilizungumzwa hadi kilabuni. Hati ya Kanisa, Lumen Gentium, ilipitishwa Novemba 1964, na ndani yake mlikuwa na jambo zito kuliko lugha ya misa, ila halikupigiwa kengele. Kifungu cha 5 kinasema Kanisa limetumwa kuutangaza ufalme, na kwamba lenyewe ni mbegu na mwanzo wake duniani. Mbegu si mavuno. Kweli, kifungu cha 3 kinasema pia kwamba Kanisa ni ufalme wa Kristo uliopo tayari katika fumbo, ndiyo maana wanateolojia hawajaacha kubishana.

Mimi niliyasoma hayo nikiwa tayari mwalimu, nikarudi kwenye Injili na penseli mkononi. Ufalme umetajwa zaidi ya mara 100. Kanisa limetajwa katika Mathayo pekee, sura ya 16 na ya 18, basi. Padre Mfaransa Alfred Loisy aliandika mwaka 1902 kwamba Yesu aliutangaza ufalme, na kilichokuja ni Kanisa. Watu wengi humnukuu kama aliyedhihaki, kumbe alikuwa akilitetea Kanisa dhidi ya Mjerumani Adolf von Harnack. Hata hivyo alitengwa na Kanisa mwaka 1908.

Kilichonibadilisha hasa hakikuwa vitabu. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikuwa wametia mkazo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo tangu miaka ya 1970, na mimi nikawa katibu wa ya kwetu. Tulikuwa na kaunta buku: majina kwa wino wa buluu, kisha safu za zaka, mavuno, ujenzi na nyumba ya mapadre. Madeni yaliandikwa kwa wino mwekundu. Akafariki mjane mmoja, muuza ndizi, ambaye kila jioni alipeleka chakula zahanati kwa wagonjwa wasio na ndugu. Mwenyekiti akafungua daftari, akaliweka mbele yangu.

"Mwalimu, tazama mwenyewe. Miaka miwili hana kitu."

"Mzee, huyu mama tunamjua sote."

"Tunamjua. Lakini kwenye kitabu hayumo."

Bila barua ya jumuiya padre haji, na barua haikuandikwa. Kaburi lilichimbwa na vijana wa Kiislamu wa jirani, sala ikaongozwa na mchungaji wa Kilutheri. Mathayo 25 inamsimulia mfalme akiwahukumu watu kwa habari za chakula, nguo na wagonjwa. Safu ya nyumba ya mapadre haikumo.

Siku hizi naona watu wameangukia upande wa pili. Mhubiri anakodi ukumbi, anasema hataki dini, yeye anajenga ufalme. Baada ya mwaka ufalme huo una gari lake na akaunti kwa jina lake. Papa Yohane Paulo II alikwishaonya mwaka 1990, katika waraka wake Redemptoris Missio, kwamba ufalme usitengwe na Kristo wala na Kanisa. Namuunga mkono. Bila Kanisa nisingeusikia huo ufalme hata jina, na yule katekista, pamoja na kidole chake, ndiye aliyenifundisha kusali. Ila Kanisa ni la safari. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba mwishoni Mwana atamkabidhi Baba ufalme, na Yohane katika Ufunuo anauona mji mpya usio na hekalu. Makao makuu ya parokia hayatajwi.

Viongozi wenzangu wa jumuiya, andikeni michango, maana paa la kanisa haliezekwi kwa maombi. Lakini maiti akiwa sebuleni, fungeni daftari, andikeni barua, mwiteni padre.